Ndama wa Mzee Nzomo na Mlango Usiofunguliwa

Ruiru, karibu na stesheni,
6 Desemba 1955

Mpendwa wifi yangu Nakhumicha,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Je, goti lako limepona? Na ndugu yangu Mbaluka bado anakohoa? Mwambie avae koti, baridi ya Kitale haijui ujana. Sisi Mungu ametushika, ila mimi na usingizi tulikuwa tumeachana, na leo nakueleza kwa nini.

Ni huyu binti yangu Mwongeli. Wajua anafundisha darasa la nane hapa. Mtihani ulipokaribia akaanza kuwarudishia watoto masomo ya mwaka: majina, vitenzi, wakati uliopita, halafu hadithi moja ya Kizungu ya kutisha. Kuna nyumba kuukuu ya mawe, kuna mjane, kuna mlango usiofunguliwa, na nyuma yake kitu kinapumua. Aiya! Niliposikia nilishika kifua.

Huko kwenu sijui, lakini sisi Wakamba hadithi za mazimwi ni za jioni, motoni. Ukisimulia mchana mifugo inapotea. Lakini siku hizi jioni kuna amri ya serikali ya kutotoka nje, hakuna mtoto wa kutembea, basi yeye akasimulia mchana kweupe. Na wiki ile ile ndama wa Mzee Nzomo akapotea.

Nzomo ndiye mkubwa wa kamati ya shule. Akasema mwalimu huyu aondoke kabla ya mtihani, na wazazi wakaitikia. Nililia, wifi. Msichana nimemsomesha kwa kuuza mboga za sukuma, afukuzwe kwa sababu ya mlango?

Mwenyewe hakulia. Akaniambia, "Mama, niazime taa yako ya chemni." Siku ya kamati akawaita wazee darasani, watoto wakiwapo, akafunga madirisha yote ya mbao, akaiwasha taa mezani. "Karibuni wazee, sasa ni jioni."

Wakatazamana. Mukonyo, mama mzee kutushinda sisi sote, akacheka. "Jioni ni taa na watu kukaa pamoja. Keti, Nzomo!" Akaketi.

Basi Mwongeli akaanza kusimulia hadithi ile huku akiuliza. Kwa nini nyumba ile iko peke yake kilimani? Mjane ana tabia gani? Vitenzi gani vinatia hofu? Watoto wakajibu kama mvua juu ya mabati: kukwaruza, kunong'ona, kupumua! Mimi niko nyuma naomba Mungu tu. Mjane akafika mlangoni, akashika kitasa, na Nzomo akaruka, "Asifungue! Mwambieni asifungue!"

Darasa likaangua kicheko. Mwongeli akauliza, "Hofu ya mzee imetoka wapi?" Binti mmoja, Aoko, akasema, "Ni lile giza na ule upweke, mwalimu. Mlango wenyewe haujafanya kitu."

Papo hapo mtu akagonga dirisha: ndama ameonekana kwenye kahawa ya mzungu! Na Nzomo alisema nini? "Mfungeni hapo hapo. Mimi nangoja mlango."

Mwongeli amebaki na kazi yake. Mtihani umepita, na watoto walitoka wakirukaruka, maana hadithi ya kutisha ilikuwamo. Majibu bado, lakini mimi nalala. Jana Nzomo ameniletea chupa ya mafuta ya taa, eti ya darasa la mwaka ujao.

Nisalimie Mbaluka, Erastus na mdogo wetu Jeconia. Mungu awafungulie milango yote iliyo mizuri, na ile mingine aishikilie mwenyewe.

Wifi yako akupendaye bila kuchoka,
Mbithe