Herufi za Baba kwenye Bango la Kubeti

Mdogo wangu Nassor,

Salamu nitazileta hasira zikipoa. Leo nimekaa kukuambia ulichomfanyia baba.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimshikia kopo la rangi, mimi na wewe, akiandika mabango ya maduka hapa Ipuli? Herufi zake nene, zisizo na mikia, kila ncha ameiviringa kama ncha ya kidole. Ulimuuliza kwa nini hazina pembe. Akakwambia, "Dereva wa lori akitoka Nzega na vumbi machoni, aisome bila kukunja uso." Duka la dawa, madrasa, mashine ya kusaga kule Goweko: ukiziona herufi zile unajua ni mkono wa Mzee. Na unajua aliwakataa nani. Wenye baa na wenye kamari aliwapa chai, akawaaga kwa upole.

Ulipokuja likizo ukawa unazunguka na simu kupiga picha kila bango, baba alifurahi hadi akakuelekeza mitaa. Ulisema, "Nataka kumbukumbu, baba." Ukarudi Dar, ukazifanya fonti, mwandiko wa kompyuta, ukaipa jina lako, ukamuuzia yeyote aliyeitaka.

Sasa bango kubwa la kubeti limesimama mkabala na madrasa. Herufi ni zilezile, hata lile tumbo la B. Ijumaa, baba akitoka kuswali, jirani alimwambia mbele ya watu, "Shikamoo Mzee. Kumbe siku hizi unawaandikia hata watu wa kamari." Baba akaitikia marahaba, basi. Angeanzaje kueleza kwamba ni mwanawe?

Kesho yake aliniomba nichanganye chokaa. Mkono wake wa kulia haunyanyuki tangu augue, kwa hiyo nilipaka mimi, yeye akiwa kwenye kiti. Tulifuta ukuta wa mbele wa karakana yake, jina lake lote. Nilipofika herufi ya mwisho nikasita. Akasema, "Paka, mwanangu. Watu wasinichanganye na hao."

Nawe ukanipigia kusema hiyo ndiyo biashara, nimpe baba pole. Sitampa. Pole yako uje uitoe mwenyewe, pale pale msikitini, mbele ya waliosikia akiaibishwa. Baba atakupokea, namjua. Mimi usinipe mkono.

Kwaheri kwa leo,

Dada yako