Mke Wangu Anang'aa, na Siyo kwa Mafuta Niliyomnunulia

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaibomoa nyumba yangu kwa mikono yangu, maana mimi ni fundi rangi wa magari, mtu wa kazi, sina mazoea ya kuandika magazetini, lakini jambo hili limenikaa kooni na kila nikimeza halishuki.

Nina mke na watoto watatu, na nikisema ukweli hatuna shida, tunacheka, tunakula, tunalala. Tatizo ni uso wa mke wangu. Kwa miaka mingi ngozi yake ilikuwa kavu, inabanduka pembeni mwa pua, na kwenye pembe za mdomo alikuwa na vidonda ambavyo leo vikifunga kesho vinapasuka tena, hata akitaka kucheka anaziba mdomo kwa kiganja, nami kama mume sikukaa kimya, nilimnunulia mafuta ya kila aina, ya kopo, ya chupa, ya kunukia na ya kunuka, mpaka meza yetu ya chumbani ikafanana na duka, na hakuna yaliyosaidia. Basi akapata kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, na haikupita miezi mingi vidonda vikapona, ngozi ikalainika, uso ukarudi ule wa siku za uchumba wetu, na mafuta yangu yote yako pale pale mezani yanakusanya vumbi. Sasa mshauri, nani kamfanya hivi?

Nilimuuliza anapaka nini siku hizi, akacheka mdomo wazi, akasema, "Napaka maharage, baba watoto." Nikaona ananifanya mtoto. Nikamweleza mwenzangu wa gereji, yule mnyoosha bodi, akaweka nyundo chini akaniambia, "Kaka, ukiona gari linang'aa ghafla, jua kuna mtu analipiga polishi." Tangu siku hiyo sina amani, nikimwona mbele ya kioo moyo unanipasuka, na kinachoniumiza zaidi ni sifa anazompa mpishi wa kiwandani, eti mchana anawapa maharage yaliyoungwa vizuri, mboga za majani, yai, siku nyingine maini, tena bure, wakati nyumbani mwanamke huyo huyo hana hamu ya chakula kabisa, akishatupakulia kitoweo sisi tunakula, yeye anakwangua sufuria na kushushia chai, na ukimwambia aongeze anasema ameshiba harufu. Iweje huko ale na hapa asile?

Nimeazimia kumwambia aache kazi abaki nyumbani. Nampenda, sitaki kumpoteza. Je, nakosea?

Fundi Rangi Asiye na Amani

Fundi, weka bomba la rangi chini, vuta kiti.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitamani kukufinya. Pole kwa wivu, unauma, najua. Na mwanamume anayerudi dukani kopo baada ya kopo anampenda mkewe, hilo sikunyimi. Lakini wewe umenifungia mhalifu ndani ya bahasha, umebandika na stempu, halafu unaniomba nimtafute!

Aliyemng'arisha mkeo ni sahani. Alikuambia mwenyewe, ukaona anakudhihaki. Ngozi inahitaji vitamini za kundi B ili ijijenge upya, na zikipungua hukauka, hubanduka pembeni mwa pua na kupasuka kwenye pembe za mdomo, vile vile ulivyoniandikia. Ziko kwenye maini, nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa. Nyingi kati yake mwili hauziwekei akiba kubwa, kwa hiyo aliyekula vizuri sikukuu iliyopita, mlo ule haumsaidii kitu leo. Hebu niambie, likija gari limeliwa na kutu, unalipiga rangi juu kwa juu? Si unakwangua kwanza ukatengeneza bati? Mbona uso wa mama watoto ulikuwa unaupiga rangi juu ya kutu?

Eti nyumbani hana hamu ya chakula. Hamu anayo, baba. Kitoweo ndicho hana. Anawapakulia watu wanne, ikifika zamu yake kimebaki chuma cha sufuria, anawatania kwamba ameshiba harufu ili msile kwa kujisikia vibaya. Hakuna binadamu aliyewahi kushiba harufu. Nawe ulikuwa hapo hapo, unatafuna, unamsikiliza na kumwamini.

Sasa nisikilize. Kazi haachi. Ukimtoa kule utakuwa umemnyang'anya mlo, vidonda vitarudi, nawe utarudi kwenye makopo yako. Mnyoosha bodi mwambie anyooshe bodi. Kuanzia jioni ya leo mwiko ushike wewe, sahani ya kwanza iwe ya mkeo, yenye kipande cha kueleweka, na usiguse yako mpaka umemwona anatafuna. Kitoweo kikiwa kidogo, kigawanywe kidogo kidogo kwa wote, na maharage yaongezwe. Mboga msizichemshe mkamwaga maji, maana vitamini hizo huyeyuka zikaenda nayo. Usikimbilie vidonge pia. Vidonda vikirudi ilhali anakula vizuri, mpeleke kituo cha afya apimwe, kwa kuwa midomo hupasuka kwa sababu nyingine pia. Mafuta yako usiyatupe, yatafaa visigino vyako.

Akikuuliza kulikoni leo unapakua, usimtaje mshauri wala gazeti. Mwambie tu, "Kula, mama watoto." Halafu mtazame vizuri. Huyo anayekutia wasiwasi mbele ya kioo ni yule yule uliyemposa kwao, kabla hajaanza kukupakulia wewe.