Ngazi ya Kamba

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaanguka! Rubani wa meli mzoefu, mume wa dada yangu, kaanguka kwenye ngazi ya kamba akitoka botini kupanda meli ya mafuta aiingize bandarini. Aliishika ngazi boti ikiwa chini, wimbi likaiinua, mguu ukabanwa kati ya boti na ubavu wa meli. Kosa la mwanafunzi. Na ndiye aliyenifundisha mimi urubani — shika ngazi boti ikiwa juu kabisa, halafu panda, usigeuke. Daktari anasema mguu hautakatwa. Labda. Dada hajalia. Ananitazama tu.

Jumatano, 6 Machi

Kazini. Wimbi la kwanza limenipita. La pili pia. La tatu nimefumba macho nikashika — mimi! Nahodha wa boti yetu tunamwita Kobe, maana hana haraka na mtu. Akauliza kama leo nachagua mawimbi kama mtu anachagua nyanya sokoni. Nikacheka. Nikishafika juu nakuwa mzima, naiingiza meli bandarini bila wasiwasi. Ni ile ngazi tu. Ile ngazi!

Alhamisi, 7 Machi

Sahani imerudi jikoni ilivyotoka. Mke wangu kauliza kulikoni. Nikasema jino. Jino! Sasa Jumanne nina miadi ya daktari wa meno.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika hapa hapa melini, chumba kidogo nyuma ya usukani. Meli ya makontena. Nimeitoa bandarini salama, kazi imekwisha, boti iko chini inanisubiri. Kilichobaki ni kushuka.

Nilifika ukingoni. Nikaiona ngazi inaning'inia, mikono ikagoma. Nikarudi kumwambia kapteni bahari imechafuka, siwezi kushuka. Huwa inatokea: rubani anabebwa mpaka bandari ya mbele, anarudi kwa ndege. Kapteni akachungulia nje. Maji yametulia kama ya kwenye ndoo. Akaipa boti habari kwa redio, akaagiza niletewe chai.

Naogopa. Naogopa na naona aibu, sijui kipi kimezidi. Nikibebwa leo sitaishika tena ngazi ile maisha yangu yote. Najijua. Na kazi nyingine sijui.

Redio imeita. Kobe. Kaongea kwa sauti kubwa, ofisini nao wasikie.

— Mzee, kweli bahari chafu. Hata mimi naiona. Nazunguka mara moja, pengine itatulia. Usiondoke na meli ya watu.

Chafu wapi? Hata povu hakuna! Na Kobe huyu hata umri wake hadanganyi.

Kapteni kapunguza mwendo. Anaangalia saa. Chai imepoa. Jaketi la kuokolea nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga tena. Naisikia boti inakuja upande wa ngazi. Naweka kalamu, naenda ukingoni —