Tone la Tisa

Hai Jalaba,
Juba.
12 Agosti 2025.

Mpendwa Shangazi Akuac,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtoto wa kaka yako. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Eldoret? Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Barua hii inaletwa na Jacinta, jirani yangu anayesafiri kesho. Sikupiga simu kwa kuwa ungelia, nami ningeongopa ili kukutuliza. Isome hadi mwisho kabla hujafunga begi.

Ijumaa nilikuarifu kwamba mwanao Ngor hana ile homa ya virusi inayoambukiza kwa majimaji ya mwili. Nilikosea kusema hivyo. Sijui kama anayo au hana.

Kipimo chetu hutegemea kimeng'enya, yaani protini inayozalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni ngeni. Kazi yake ni kunakili chembe za urithi za virusi hadi mashine iweze kuziona. Kisipokaa kwenye nyuzi ishirini chini ya sufuri huharibika, wala hakibadiliki rangi au harufu.

Jenereta ya maabara ikizimwa, huwa tunapeleka kisanduku cha kimeng'enya kwenye friza ya hoteli moja ya mtaa wa Amarat. Mwezi uliopita walinunua friza mpya isiyoota barafu. Tuliisifu. Sikujiuliza barafu inakwenda wapi: friza hiyo hujipasha joto yenyewe kila siku ili kuiyeyusha.

Ningeligundua hilo palepale kama ningefuata kanuni. Kila tunapopima, huweka pia sampuli tunayojua ina virusi. Isipoonekana, majibu yote ni batili. Lakini yalibaki matone tisa ya kimeng'enya, na wagonjwa walikuwa wanane. Thon, fundi wetu, akasema, "Dakitari, tone zima kwa virusi tunayemjua? Huyo si tumeshasalimiana?" Nilicheka. Tone la tisa nikalihifadhi kwa mgonjwa atakayefuata.

Jana, wasiwasi uliponizidi, nililitumia kwa sampuli ile inayojulikana. Mstari kwenye mashine haukupanda hata kidogo.

Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao Sherikat kumrudisha Ngor kwenye wadi ya kutengwa. Shallon, mkewe, alisimama mlangoni na mtoto kifuani. "Mimi iko na karatasi yako hapa, inasema hana! Siku tatu nakula na yeye, nalala na yeye!" Ngor, homa ikiwa bado haijamwachia, ndiye aliyenitetea: "Mwache Amou. Huyu alikuwa anapima chumvi ya maharagwe kwa kijiko cha dawa. Akisema hajui, basi hajui." Akaingia garini bila kumgusa mtoto.

Kimeng'enya kipya kitafika Alhamisi. Majibu yatatoka Ijumaa jioni, na tiketi yako ni ya Ijumaa asubuhi. Nakusihi, Shangazi, usipande ndege hiyo. Ukifika utamkumbatia, nakujua, hutasimama nyuma ya kamba ya wadi. Ninayaogopa majibu, lakini mikono yako ninaiogopa zaidi.

Nisalimie Baba Ngor na dada Alek. Mwombeeni Shallon na mtoto pia. Mungu aifunike nyumba yenu. Na mtu akikwambia Amou alimpima Ngor akamkuta mzima, mjibu kwamba Amou bado hajampima.

Wako akupendaye, anayeomba radhi,
Amou