Swichi Nyekundu Nyuma ya Kompyuta

Buzuruga, Mwanza

Dada yangu, Mama Koku,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje baada ya kupalilia kahawa? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tunakula na kulala, Mungu hajatusahau. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu mdomo wangu unajua kunitetea. Barua hii nampa jirani anayepanda meli kesho, pamoja na kisado cha dagaa.

Najua Koku ameshakwambia kwamba amehama kwangu. Sababu hajakwambia, maana mtoto wako ana adabu. Nakwambia mimi.

Unaijua steshenari yangu, ile inayosifiwa mpaka Buswelu kwa kadi za harusi. Kompyuta yake ni ile ndogo ya mezani, nyembamba. Tangu tuiongezee kifaa cha kutengenezea picha, ikawa inazimika katikati ya kazi. Koku akasema pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, imezidiwa, tutafute yenye nguvu zaidi. Mimi nikataka ile kubwa kuliko zote dukani. Akacheka, "Mama mdogo, hiyo haiingii humu, labda kompyuta iibebe mgongoni." Akapima kwa rula, akazunguka kwa mafundi mjini siku mbili, akapata iliyotumika, nyembamba, ikaingia barabara. Akaifunga mwenyewe. Wiki nzima kompyuta haikuzimika hata mara moja, na mimi nikawa nawaambia wateja kwamba ukoo wetu umejaliwa akili.

Basi jioni moja nafuta vumbi, nikaona nyuma ya kompyuta kuna swichi ndogo nyekundu, imeandikwa 230. Nikaisukuma kwa bisibisi, ikaja 115. Nikajipongeza kwamba sasa itakula nusu ya umeme. Sikumwambia mtu.

Asubuhi Koku akabonyeza kuwasha. Ikalia paa, moshi ukatoka, wateja wamesimama pale, na mama mmoja anasubiri kadi za binti yake. Dada, neno nililosema ulisikie kwangu. Nilimwambia Koku, "Mikono hii ni ya kumenya ndizi, siyo ya kompyuta."

Koku alifungasha nguo zake akaenda kwa rafiki yake Kiseke.

Nikampigia Deo wangu chuoni, unajua anasoma mambo hayohayo ya kompyuta na darasani hawamfikii, nikitaka aniunge mkono. Akaniuliza swichi ya nyuma inasomeka ngapi. Nikamsomea. Akauliza nani ameigusa. Nikasema labda panya.

"Mama," akasema, "panya hana bisibisi. Hiyo namba siyo umeme inaokula, ni umeme inaoutegemea. Umeiambia utakuja mdogo, ukaja mkubwa, ikaungua. Koku aliiweka sawasawa."

Na hata katika aibu ile, dada, nilijisikia fahari jinsi mwanangu anavyoeleza. Ndivyo nilivyo.

Siku nne nzima wateja wakimuulizia fundi, nasema amesafiri. Jana ndipo nikaenda Kiseke, nikamweleza Koku yote, nikamwomba arudi. Aliniamkia, akanipa kiti, akanipa na chai. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mama mdogo. Ila mimi ulinisema mbele ya watu."

Nilirudi nikitazama chini njia nzima.

Jumamosi yule mama wa kadi anarudi, na siku hiyo duka linajaa. Nitasema mbele yao wote kwamba swichi niliigusa mimi. Koku akirudi ama asirudi, nitasema. Lakini nimeona nianze na wewe, maana neno lile lilikupiga wewe pia. Mikono ya kumenya ndizi ni yako. Ilimenya nikala, nikaenda shule hadi darasa la saba, nikajua kuisoma hiyo 230.

Nisalimie shemeji, na mama yetu mzazi, umwambie dagaa walio laini ni wake. Barua hii msomee na yeye. Usiruke mahali.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Deo