Nimekaa kwenye Benchi Lako, Masunga

Masunga,

Mwadila. Usijibu salamu, najua huwezi. Leo kwa mara ya kwanza tangu tujuane nitaongea mpaka mwisho bila mtu kunikatiza. Faida ya kufiwa na wewe ni hiyo. Nyingine sijaiona.

Naandika kwa mkono wangu huu wa darasa la nne, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala kama ng'ombe waliovimbiwa, nyamaza. Wewe uliishia la tatu, tena ulifukuzwa.

Nianze na mazishi yako, maana wewe hukuyaona, ulikuwa umelala. Watu walijaa. Alichinjwa yule dume mwenye pembe iliyopinda, yule uliyekuwa unamficha hata wakwe wakija. Mtamu kweli. Kijana wako Emanueli alikuja kutoka Mwanza na suti nyeusi na karatasi ya wasifu. Akasoma. Marehemu alizaliwa, marehemu alibatizwa, marehemu aliendesha malori ya pamba, marehemu alikuwa mtu mtulivu asiye na makuu.

Mtulivu! Nikasikia watu nyuma yangu wanakohoa. Mtu aliyerushia kiatu televisheni yake mwenyewe kwa sababu dereva wake kapitwa kwenye kona, leo ni mtulivu? Na magari ya mashindano hakuyataja hata kwa bahati mbaya. Hakumtaja Ntemi. Ni kama kumzika mfugaji usitaje ng'ombe.

Nikanyoosha mkono. Mzee wa kanisa akajifanya anatafuta miwani. Nikasimama hivyo hivyo. Nikasema, "Mimi ni Nkuba, nilikuwa utingo wa marehemu kwenye lori. Kabla hamjafukia, ijulikane kwamba huyu alikuwa Mgalu, mpinzani wangu mimi Mgika, kwamba dereva wake Ntemi yuko mbele kwa pointi, na kwamba mimi sijakubali." Mke wako akajifunika kitenge usoni. Watu wakasema masikini, mumewe kakumbushwa. Mimi nilikuwa karibu, niliyaona yale mabega. Alikuwa anacheka.

Basi matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, nikabaki na tatizo lako. Maana wewe hata ukifa unaacha kazi.

Emanueli alinikuta kwenye stoo yako ya pamba, uwanja wetu, nimekaa peke yangu natazama televisheni iliyozimwa. Akaketi. Akasema, "Baba mdogo, mambo ya wazee yameisha. Nashusha dishi, naondoka nalo pamoja na televisheni. Mama anahitaji kupumzika na hizi kelele."

"Amekwambia anahitaji?"

"Anaonekana."

"Mimi pia naonekana mzee. Lakini wewe niulize."

Hakuniuliza. Akasema haelewi watu wazima tunapigania nini, magari yanazunguka njia moja mpaka mafuta yanakaribia kwisha, halafu Mzungu anamwagiwa mvinyo kichwani. Nikaona hapa shule imefuta kitu. Nikamwambia taratibu, kama unavyomwambia mtoto asishike moto: wewe ni mjukuu wa wacheza ngoma. Babu zako wakishamaliza kuvuna walikuwa na Wagika upande huu na Wagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ningi wake anayeongoza nyimbo, kila upande na matusi yake na dawa zake. Refa hakuna. Watu ndio refa, wanachagua kwa miguu. Upande unaochezwa vizuri unajaa, na ule unaobaki mtupu ndio umeshindwa. Baba yako na mimi miguu ilipochoka tulihamishia ngoma yetu kwenye magari, basi. Na ningi akifa ngoma haifi. Ngoma inakufa upande mmoja ukikosa mtu.

Akapeleka mkono sikioni. Ana ile tabia yako ya kukuna sikio kabla ya kukutega. "Haya, baba mdogo. Mashindano ya mwisho ya msimu si Jumapili ijayo? Upande wa baba ukiwa na mtu, dishi linabaki. Ukiwa mtupu, Jumatatu nalifungua."

"Sawa," nikajibu, haraka kama mjinga. Nilidhani una watu.

Huna watu, Masunga. Nikwambie ukweli, kwa kuwa uko chini na huwezi kunifukuza: Wagalu wako walikuwa wanakuja kwa ajili ya mdomo wako, siyo kwa ajili ya Ntemi. Ulipofunga mdomo, benchi likaanza kutoa watu kama gunia lenye panya. Mmoja amehamia Malampaka kwa binti yake. Mmoja kaokoka upya. Na Gamaya, yule Gamaya aliyekuwa anakubebea kigoda na kukuita "ningi, ningi", nimemkuta amekaa kwenye benchi langu, anamenya karanga. Nikamuuliza, "We Gamaya, umepotea njia?" Akasema, "Mzee Nkuba, watu wanafuata ngoma inayolia."

Kwa desturi hapo nimekushinda. Upande wangu umejaa, wako mtupu. Miaka yote ile nilikuwa naomba nione benchi lako tupu, na sasa nimeliona, na niseme nini? Ushindi gani huo? Kumshinda mtu ambaye hayupo ni kama kumpiga mtama mtu aliyelala. Siutaki. Nimekataa. Nilikwambia ukiwa hai kwamba nitakushinda macho yako yakiwa wazi, na wewe ukaenda ukayafumba makusudi. Ujanja wa kishamba.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulinunua dishi uone mpira. Ukabonyeza vibaya ukakuta magari. Ukaniita kwa kelele mpaka nikadhani nyumba inaungua: "Nkuba! Njoo uone, kuna watu wanalipwa kuendesha kama sisi!" Tukakaa. Tukaona gari linaingia, vijana wanalizunguka kama nzige, magurudumu yote yanabadilishwa kabla hujamaliza kupiga chafya. Mimi nikakutazama tu. Ukajua nakumbuka Bukundi, lori limezama kwenye mbuga, pamba mpaka juu, tairi moja tu limepasuka, na tulilala pale tukila michembe mikavu ya viazi huku wewe unamtukana jeki. Ukasema, "Wale hawajawahi kuiona Bukundi." Sijasahau. Ndiyo kauli yako ya busara kuliko zote, na hazikuwa nyingi.

Majina yao yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Wewe ukamchukua bingwa aliyekwisha kuvaa taji, mtu wa taratibu, haongei, anatunza matairi kama ya kukopa. Ukamwita Ntemi, kwa kuwa tayari alikuwa kwenye kiti cha enzi. Wewe hujawahi kumpenda mnyonge. Mimi nikamchukua kijana mkorofi aliyeshinda mara ya kwanza kwenye mvua, nikamwita Mabula, jina la mtoto wa mvua. Na Mabula akanitesa. Kila msimu anakuwa wa pili, wa pili, wa pili. Ana mguu mzito, anaingia kwenye kona kama anafukuzwa na fisi. Wewe unacheka mpaka unakohoa, halafu unatoa ule wimbo wako: "Mwendo siyo kukanyaga mafuta, utingo. Mwendo ni kujua pa kuachia." Uliniambia maneno hayo siku ya kwanza ulipoiacha mikono yangu ishike usukani, na hukuacha kuniambia mpaka ulipolazwa. Nilikuwa nimeyachoka. Sasa nayatafuta.

Kitu kingine. Nilikuwa nina hakika umefukia dawa chini ya benchi lako. Mtu gani anashinda hivyo, tena mwana kwaya? Ulipozikwa tu nilienda na jembe nikachimba. Nimekuta maganda ya karanga na kile kijiko ambacho mke wako alimfukuzia msichana wa kazi. Sikuombi msamaha. Nilivunjika moyo sana.

Sasa Jumapili. Pointi zilikuwa zimekaa hivi: kati ya Ntemi na Mabula, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye bingwa wa dunia. Hakuna hesabu nyingine. Stoo ikajaa, madereva wa bodaboda, wauza dagaa wa kutoka Lamadi, wazee, wote benchi la Wagika, wengine wamesimama ukutani upande wangu. Upande wako, benchi na vumbi. Emanueli kasimama mlangoni na spana mfukoni. Spana, Masunga! Mwanao alikuja na spana.

Nikawaangalia watu. Nikasema, "Hakuna Mgalu hata mmoja Bariadi nzima?" Gamaya akatazama miguu yake. Taa nyekundu zikaanza kuwaka kule kwenye televisheni.

Nikanyanyuka. Unajua sheria, ningi mzima havuki uwanja. Afadhali mtu aibe ng'ombe. Babu yangu angeniona angenilaani mpaka kizazi cha mwisho. Nikavuka. Nikakaa kwenye benchi lako, pale pale penye shimo la makalio yako. Kelele ikazimika. Gamaya akasema, "Mzee Nkuba, unatuacha?" Nikamwambia, "Wewe uliyeacha maiti haijapoa, usiniulize. Na huyo Mabula wenu anaendesha kama mbuzi aliyekatwa kamba!"

Ndiyo, nilimtukana. Nilitumia matusi yako yote, hata lile la kuhusu mama mkwe. Wagika wakacharuka, wakanirudishia, ngoma ikachanganya. Hapo ndipo mke wako alipoingia. Miaka yote hajawahi kukanyaga stoo ile ila kuja kukutukana kwamba ugali umepoa. Kaja na sahani ya michembe na karanga, kapita mbele ya kila mtu, kakaa pembeni yangu, kaweka sahani katikati. Akamwambia mwanawe, "Emanueli, unaziba mwanga. Kaa." Nafasi ilikuwa moja tu, ile niliyoiacha mimi. Akaketi huko, kwa Wagika, na spana yake.

Ntemi aliongoza muda wote, Masunga. Ungefurahi. Alikwenda kama mtu anayerudi nyumbani. Mabula nyuma yake, nyuma yake, na mimi nimekalia mikono yangu. Zikabaki raundi chache. Wakaingia ile kona ndefu, na nikajua atafanya ujinga wake wa siku zote, atakanyaga, atateleza, atakuwa wa pili.

Akaachia.

Masunga, aliachia mapema. Alimwacha Ntemi aingie, gari likatulia, akatoka kwenye kona safi kama lori lisilo na mzigo, na kwenye ile njia iliyonyooka akampita. Kwa udereva wako. Yule kijana wangu, miaka yote, siku hiyo moja akaendesha kama wewe.

Bingwa wa dunia! Mabula wangu! Stoo ililipuka, mabati yakataka kung'oka. Nami nikafungua mdomo, miaka yangu yote ya kuwa wa pili imejaa kooni, na mke wako akanibana goti. "Shemeji, funga huo mdomo. Wagalu hatushangilii hapo."

Nikafunga. Nimesubiri siku ile kuliko nilivyosubiri mahari ya binti zangu, na imenikuta nimekaa upande wako, na michembe mdomoni, mkeo kanishika goti. Huo ndio uchawi wako. Siyo kile kijiko.

Lakini usicheke, sijamaliza. Katikati ya zile kelele kitu kikaruka, kikagonga mabati, kikaangukia sahani yetu. Kiatu. Cheusi, cha Mwanza, kina kamba. Nikageuka. Mtulivu wako asiye na makuu amesimama juu ya benchi langu kwa soksi, kamkumbatia muuza dagaa, analia "Mabula! Mabula!" mpaka mishipa ya shingo imesimama. Mke wako akakiokota kile kiatu, akakitazama muda mrefu. Akasema, "Na huyu naye." Halafu akajifunika kitenge. Safari hii mabega sikuyaelewa, nikatazama pembeni.

Kwa hiyo tumalizane. Wewe umeniibia sherehe yangu, mimi nimekuibia mtoto. Emanueli ni Mgika sasa, kaomba aambiwe msimu unaanza lini. Dishi liko pale pale. Spana ameisahau, nimeichukua mimi, na siirudishi.

Sijakubali, Masunga. Wanakuja hapa wananiambia nikubali, Mungu alipenda, nimwachie. Nimewaambia mimi ni utingo, kazi ya utingo ni kuweka gogo nyuma ya tairi ili lori lisirudi nyuma. Basi nimeliweka. Msimu ukifunguliwa narudi kwenye benchi langu nianze kukutukana kwa haki, na mke wako atakaa kwenye lako. Kaniapia. Ana mdomo mbaya kuliko wako, nakupa pole mapema. Nakuahidi upande wako hautalala mtupu hata siku moja nikiwa bado natembea.

Na siku nikija huko, usinisogelee na kunipisha nafasi pembeni yako kama ndugu wa kanisani. Tafuta benchi jingine. Liweke mkabala.

Wabeja, asante, mwalimu wa usukani. Pumzika, lakini jicho moja liwe wazi.

Utingo wako,
Nkuba