Fomu Niliyomjaza Kidoti

Bweni la Wafanyakazi wa Dobi,
Ghorofa ya Pili, Chumba 14.
9 Mei

Mpendwa Kaka,

Habari za huko? Mgongo wako umeachia, au bado unamsumbua wifi akukande kila asubuhi? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa. Barua hii isome peke yako. Nimempa mpishi wetu anayekuja likizo akukabidhi mkononi, maana simu yako Kidoti anaishika kutwa, na haya sitaki ayaone.

Kazi inaendelea. Nakunja mashuka ya hospitali mpaka nimekuwa bingwa; hata kanga zangu nazikunja kona kwa kona kama mtu anayekaguliwa. Msimamizi amenisifia kwa maandishi, na barua yake imeambatanishwa na maombi yangu ya ukaazi wa kudumu. Miaka sita naisubiri karatasi hiyo ili nimlete binti yangu Kidoti.

Sasa nisikilize. Jumanne niliitwa ofisi ya uhamiaji. Karani, mama mmoja mpole wa miwani, alifungua faili akaniuliza kama Kidoti nimemzaa mwenyewe. Kwenye fomu ya kwanza kabisa nilimjaza katika safu ya watoto bila hata kufikiri. Ningemjaza wapi? Tangu tumzike mdogo wetu aliyemzaa, mtoto akiwa hajaota hata jino, amelelewa mgongoni mwangu. Huko nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza nilimpataje.

Karani aliuliza, nami kwa woga nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipojiharibia. Fomu ilikuwa kosa, lakini kule kuitikia ni uongo, na ni wangu. Akaniandikia karatasi: mimi huku na mtoto huko, tupimwe DNA ndani ya mwezi mmoja.

Tangu siku hiyo nikisikia viatu kwenye ngazi, nasema wamenifuata. Mwenzangu wa chumbani, yule mpiga pasi mwenye maneno, akaniambia, "Acha kujipa presha, wewe! Rudi ukaseme ukweli, kwani watakufukuza mara ngapi?" Nilicheka, kisha nikalia mbele yake bila aibu.

Nimemwona mshauri wa wahamiaji. Anasema nikienda mwenyewe kabla ya kipimo, huenda wakanisamehe, huenda wakanirudisha. Hata wakinisamehe, watataka hati ya ulezi kutoka mahakamani, na hakimu atamwita Kidoti amuulize. Mtoto wa miaka kumi na moja, Kaka, anayejua mimi ndiye niliyemzaa! Hawezi kuyasikia haya kwa hakimu.

Kwa hiyo Jumatatu ijayo nakwenda ofisini kusema kweli, na Jumapili mchana, kabla ya hapo, nitapiga simu nimwambie mwenyewe. Kaa karibu naye, na ile picha ya mama yake, iliyo kwenye sanduku la wifi, iwe tayari. Kufukuzwa naogopa, sikufichi. Ila naogopa zaidi anavyoweza kunyamaza kwenye simu. Akikataa kuniita mama, tafadhali usimgombeze.

Nisalimie wifi, mapacha wako na shangazi. Mungu awafunike nyote, na ampe mtoto moyo wenye nguvu kuliko wangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
na mama yake, angalau hadi Jumapili.